Siku Tulipopeleka Taka Kama Mahari

Gunia la taka halikumbatiwi. Nawaambia hilo kwanza, nyinyi mliojiunga na kikundi juzi, kwa sababu nimewaona mkibeba. Mnalikumbatia kama mtu aliyepata mchumba. Ndani ya gunia mna chupa zilizovunjika, sindano za wagonjwa wa kisukari na mifupa yenye ncha. Lishike kwa pembe mbili, liweke mbali na paja, ulitue kwenye mkokoteni bila kuliaga. Paja langu la kushoto lina kovu la kopo la samaki. Siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali mpya, na mpaka leo sijui nilichoomboleza zaidi, paja au suruali.

Jambo lingine, msiogope mlima. Mkokoteni ukipanda mlima utakuchosha tu, utakaa kando upumue, maisha yaendelee. Mteremko ndio unaozika watu. Mimi zamani nilikuwa nabeba vitu vya watu wanaohama nyumba, na siku moja niliuanza ule mteremko wa mtaa wetu huu wa Gatina nikiwa mbele ya mkokoteni, nimebeba kabati la mtu. Nilipofika chini nilikuwa juu ya meza ya mama mboga, nimekalia sukuma wiki, kabati liko peke yake barabarani likiwa wima kama abiria anayesubiri gari.

Mama mboga huyo alikuwa Mama Atieno. Alikuja Nairobi kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, na sauti aliyokuwa akiitia watu walio ng'ambo ya maji hakuwahi kuipunguza. Aliniangalia bila hasira.

"Umekalia mboga yangu."

"Pole, mama."

"Pole haipikwi. Kesho asubuhi uje na huo mkokoteni. Tunazoa taka kwa ploti za wapangaji na hatuna mtu wa kusukuma."

Nilidhani ni adhabu ya siku moja. Nimetoka juzi tu, kiuno kilipokataa.

Kikundi chao kilikuwa cha kina mama pekee, na kilikuwa na jina rasmi refu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Watu walituita Tupishe, kwa sababu hilo ndilo neno tulilokuwa tukipiga kelele vichochoroni siku nzima. "Tupishe! Tupishe!" Watoto wangu walipoulizwa shuleni baba yao anafanya kazi wapi, walijibu, "Tupishe," na mwalimu akadhani ni kampuni.

Sasa, wengi wenu mmesoma, na neno mazingira mnalipenda sana. Hata mimi nililipenda. Nililiokota kwenye semina moja, nikarudi nalo Gatina kama mtu aliyejinunulia koti. Tukaita watu kwenye ua wa kanisa kuzungumza juu ya ule uchafu uliokuwa unarundikana kando ya chekechea. Nikasimama, nikakohoa, nikasema, "Wapendwa, leo tuzungumzie mazingira."

Mtu wa nyuma akauliza, "Soda ziko?"

"Hakuna soda."

Benchi lote la nyuma likainuka. Mama Atieno alinivuta shati mpaka nikakaa. Halafu akauliza, kwa sauti ile yake iliyofika hadi barabarani, "Nani hapa mtoto wake tumbo limemwendesha wiki hii?"

Mikono ikapanda kila mahali. Waliokuwa wameshafika getini wakarudi.

"Na mpira wenu wa maji unapitia wapi?"

Kila mtu alijua. Mipira yetu ya maji ilipita ndani ya mtaro, chini ya lile rundo, na ilikuwa imepasuka na kufungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Maji yakikatika, mpira unavuta chochote kilicho nje. Baada ya hapo tuliongea mpaka adhuhuri, na neno langu la semina halikutajwa tena. Nendeni mkalitumie ofisini. Kwenye ploti, anzeni na tumbo la mtoto.

Lile rundo halikuwa letu. Taka za Gatina nazijua kama ninavyowajua wanangu: majivu ya jiko, maganda ya viazi, pampasi, magunzi ya mahindi. Gatina haitupi nusu keki. Gatina haitupi maua yenye riboni, na mbwa wa Gatina hajawahi kula chakula cha kopo. Zile taka zililetwa na lori. Lilikuja mchana watu wakiwa kazini, likainua mgongo pale kando ya chekechea, likamwaga, likaenda zake. Zilipojaa, mtu aliziwasha moto, na watoto wakasoma herufi wakikohoa.

Nilitumwa kulifuata. Nilipanda pikipiki ya kijana mmoja aitwaye Brayo, ambaye lori lilimuudhi kwa sababu lilienda polepole kuliko heshima yake.

"Buda, wacha niipite tuingojee mbele."

"Brayo, hatujui mbele ni wapi."

"Si tutajua ikifika?"

Tulilifuata mpaka likaingia kwenye mtaa wenye miti mirefu, wenye geti moja kubwa na nyaya za umeme juu ya kuta. Si mbali. Ukisimama kwenye ghorofa za Gatina, ile miti unaiona.

Tulijaribu njia ya adabu kwanza. Kwenye ofisi ya kanjo, yaani ya kaunti, tuliambiwa mhusika ametoka. Tuliporudi, mhusika alikuwa ametoka tena. Nafikiri mtu huyo alizaliwa akitoka. Tukaenda kwenye lile geti kubwa, na soja, mlinzi wa hapo, akatuuliza tunaenda kumwona nani. Hatukuwa na jina la mtu. Akatufukuza, vizuri tu, bila matusi.

Tukiwa tumesimama hapo nje tukijipangusa jasho, yakaja magari yenye riboni. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya kufanana, wamebeba vikapu, wanaimba nyimbo za ruracio. Walikuwa wanapeleka mahari kwa mtu humo ndani. Soja hakuuliza hata jina la mbuzi. Alifungua geti kwa mikono yote miwili na kucheza kidogo.

Mama Atieno akanigeukia. "Umeona?"

"Nimeona."

"Wewe utakuwa mzee wa kuongea."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tayari. Kina mama walivaa leso za kufanana. Taka za lile rundo tulizipanga kwa uangalifu, na hapa mzingatie, kwa sababu ni ufundi: vya kunata chini, vikavu juu, na pampasi, maana hata matajiri wanazaa, kwenye gunia la peke yake, limefungwa mara mbili. Juu ya kila gunia tuliweka riboni, nyingine tukizitoa kwenye hizo hizo taka. Mti wa Krismasi wa plastiki ulikaa mbele ya mkokoteni wangu kama bendera. Mimi nilivaa koti la harusi yangu, ambalo lilikataa kufunga vifungo, na nikashika fimbo.

Getini tuliimba mpaka soja mwenyewe akaanza kuitikia.

"Mnaenda kwa nani?" akauliza akitabasamu.

"Tunaleta mali kwa wenyewe," akasema Mama Atieno.

Hakudanganya hata neno moja. Geti likafunguka.

Tuliingia tukiimba, na watu wakatoka kwenye nyumba zao, mmoja mmoja, wakiuliza nani anaoza. Mwenyekiti wa mtaa alitoka kwake kwa malapa, mama mmoja mstaafu waliyemwita Mwalimu Gathoni. Alidhani ni mambo ya jirani yake mwenye mabinti, na kwa kuwa hakutaka kupitwa, akapiga vigelegele. Akatuelekeza kwenye nyasi zao za pamoja, akaagiza viti. Vijana wangu, tulikaa. Chai ililetwa. Mimi nilikunywa kikombe kizima nikijua fika ninachokuja kukisema, na naomba msinihukumu, ilikuwa na maziwa mengi.

Kisha nikasimama.

"Wenyeji wetu, tumetoka mbali, ng'ambo ya barabara. Kwetu tumeona vitu vizuri vikizurura bila mwenyewe. Tukauliza, ni vya nani? Tukaonyeshwa boma hili. Na sisi tumelelewa kwamba cha mtu ukikiokota unakirudisha, tena kwa heshima."

"Kweli kabisa!" wakaitikia wenyeji, wakipiga makofi.

Mama Atieno akafungua gunia la kwanza.

Yalianguka makopo ya mbwa. Zikafuata chupa za mvinyo, maua yaliyooza, kichwa cha samaki mkubwa. Makofi yakafa moja baada ya jingine, kama mvua inayokatika. Mwalimu Gathoni akaweka mkono kifuani.

"Hizi si... hizi ni taka?"

"Zenu, mwalimu," nikasema. "Sisi tumeongeza riboni tu."

"Una uhakika gani ni zetu?" akauliza bwana mmoja, mkali. Swali lilikuwa la haki. Lakini kabla sijafungua mdomo, mume wa Mwalimu Gathoni, mzee mrefu aliyekuwa amekaa kimya na kikombe chake, aliinuka ghafla.

"Gathoni! Kofia yangu!"

Ilikuwa kofia ya manyoya, kuukuu, imetoka kwenye gunia la pili. Mzee aliiokota na kuipangusa maganda ya mayai.

"Si uliniambia ilipeperushwa na upepo Naivasha?"

Mwalimu Gathoni akageukia birika la chai. Hakuna aliyeuliza tena kama taka ni zao. Watu walikuwa wanacheka, hata yule bwana mkali, mpaka Mama Atieno aliposema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Mjukuu wangu ametolewa hospitali jana. Alitundikiwa maji mpaka wakakosa mshipa wa kudunga. Anasoma hapo, hizi zinapomwagwa."

Kicheko kiliisha. Mwalimu Gathoni alivuta kiti karibu naye.

"Mama, sisi tunamlipa mtu azipeleke jaa kubwa. Kila mwezi. Mbele za Mungu, mimi nilijua zinafika."

Nilimwamini. Ndiyo sababu nawaambia, msiende kwa mtu na mawe kabla hamjampa nafasi ya kuona aibu. Aibu inafanya kazi kuliko mawe, na haivunji dirisha. Jioni ile ile alimpigia simu mwenye lori, na wiki iliyofuata lori halikuonekana Gatina. Wala wiki ya pili. Chifu alitusifu mbele ya watu. Mimi nilianza kutembea mikono ikiwa nyuma, na vijana wa ploti wakawa wananisalimia, "Niaje, Mzee wa Mahari," nami naitikia kwa kichwa tu kama mtu mwenye shughuli.

Kabla sijaendelea, lazima mjue habari za mama mkwe wangu.

Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya. Kwetu, mume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawasemezani ana kwa ana. Si chuki, ni heshima. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Sasa mama mkwe wangu, Mama Robai, alikuwa akiishi Kibera, kijiji cha Raila, akikaanga mandazi. Niambieni, Kibera kuna kichaka gani? Vichochoro vyenyewe watu wawili wakikutana ni lazima mmoja awe mwembamba. Kila nilipoenda huko, mke wangu Jentrix alitangulia akipiga kelele, "Mama, Baba Nanjala anapita!" Halafu milango ikafungwa, nami nikapita nikitazama mabati. Tangu nimwoe binti yake, hatukuwahi kusema neno ila kupitia kwa mtu.

Asubuhi moja tuko Gatina tunapanga mikokoteni, tukasikia nyimbo. Nyimbo za mahari, tena za kwetu. Kina mama wa Raila walikuwa wanakuja barabarani na leso za kufanana na magunia kichwani, na juu ya kila gunia kuna riboni. Aliyetangulia, na goti lake bovu na fimbo yake, alikuwa Mama Robai.

Nilijitupa nyuma ya mkokoteni.

"Mama Atieno," akasema Mama Robai, "mwambie huyo aliyejificha hapo nyuma kwamba tumemletea mahari yake."

"Amesikia," akasema Mama Atieno.

"Sijauliza kama amesikia. Muulize, alidhani lori likitoka kwake linapaa mbinguni?"

Mama Atieno akaniinamia. "Anauliza, ulidhani lori—"

"Nimesikia!"

"Anasema amesikia."

"Basi ajibu!"

Nikavuta gunia tupu nikajifunika. Walimwaga magunia. Makopo ya mbwa, chupa za mvinyo. Lori lilikuwa limetoka kwetu likaenda kwao, likawa linamwaga kwenye mtaro mkubwa ulio juu ya Raila, ule unaopitisha maji ya mvua. Sisi tulikuwa tunasherehekea kwa mandazi, na huenda mandazi yenyewe yalinunuliwa kwake.

"Mwambie mama," nikasema kutoka chini ya gurudumu, "hatukujua."

"Mwambie watu wa kule kwenye miti pia hawakujua," akasema Mama Robai. "Nairobi hii hakuna mtu anayejua. Taka tu ndizo zinazojua njia."

Mama Atieno alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka, akawaletea viti. Siku hiyo Gatina na Raila zilikubaliana kwamba mtu akimfukuza huyo mwenye lori, wa upande mwingine aambiwe kabla lori halijafika. Tulipanga kurudi kwa Mwalimu Gathoni pamoja. Lakini mvua haikutungojea.

Ilinyesha tangu alfajiri, siku iliyofuata tu. Mchana Jentrix alipigiwa simu na jirani wa mama yake: mtaro umeziba, maji yameingia nyumba, Mama Robai hatoki. Tulikimbia. Raila ilikuwa imegeuka mto mweusi unaoenda polepole, na juu yake yanaelea malapa, sufuria, na yale makopo ya mbwa, niliyoyajua sasa kama ndugu. Vijana wa hapo walikuwa upande wa chini wakitoa watoto, wamejifunga kamba.

Maji yalinifika mapajani. Mama Robai tulimkuta amekaa juu ya meza, amekumbatia Biblia na karai lake la mandazi. Goti halikumruhusu kushuka. Jentrix ni mdogo wa mwili, na alijaribu mara moja, wote wawili wakakaribia kulala majini.

"Mama," akasema Jentrix, "panda mgongoni."

"Kwa nani?"

"Kwa Baba Nanjala."

"Afadhali nizame."

"Mama!"

"Nimesema nizame. Nitaenda kumwambia nini baba yako huko aliko?"

Mimi nilikuwa nimeugeukia ukuta, nikitazama kalenda. Ukuta huo, vijana, ulikuwa unatikisika. Mabati yalilia, na maji yakainua kitanda mbele ya macho yangu, godoro likazunguka polepole chumbani kama linatafuta mahali pa kukaa. Mama Robai alilitazama godoro lake likipita. Akampa Jentrix Biblia.

"Mwambie afunge macho."

"Mama, nikifunga macho tutaanguka kwa mtaro," nikasema kwa kalenda.

"Mwambie basi afunge moja."

Nikafunga moja. Nikarudi kinyumenyume mpaka mezani, naye akanipanda. Karai alikataa kuliacha, kwa hiyo likawa kichwani kwangu. Tukatoka. Na hapo ndipo alipoanza kuniongoza, bila kuvunja mila.

"Jentrix! Mwambie huyu apinde kushoto!"

Jentrix alikuwa amebaki nyuma na Biblia. "Baba Nanjala, pinda kushoto!"

"Nimeshapinda!"

"Mama, ameshapinda!"

"Mwambie si kushoto hiyo!"

Watu walikuwa juu ya mabati na kwenye ngazi za mbao, na pamoja na shida yote ile walianza kushangilia. Mzee mmoja wa kwetu aliyaona hayo, akavua kofia, akajifunika nayo uso kwa heshima. Lakini ninachokikumbuka zaidi si kelele. Ni uzito wake. Kwa sauti ile na amri zile nilidhani nimebeba mtu mzito, na alikuwa mwepesi kama gunia la chupa tupu za plastiki. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania koti langu, naye hakutaka nijue anaogopa, kwa hiyo kila alipolibana zaidi alipiga kelele zaidi. Nami nilijifanya sijui.

Kulipokauka hatukungoja mhusika arudi kutoka alikoenda. Tuliwapigia wote. Mwalimu Gathoni alikuja Raila amevaa gambuti, mume wake nyuma yake na kofia yake. Alikuja chifu, akaja na afisa wa kaunti, msichana mmoja mpole aliyekuwa na wiki chache kazini na bado hajajifunza kutoka. Tukasimama kando ya mtaro, Gatina na Raila pamoja, mchana kweupe, tukalingoja lori. Lilikuja. Dereva alipotuona, alizima injini mwenyewe, akashuka na mikono juu.

"Mathe, mimi ni dereva tu," akamwambia Mama Atieno. "Boss ananiekea mafuta ya kufika hapa na kurudi. Kuja uone geji."

Mama Atieno alipanda, akaangalia geji, akashuka. "Ni kweli. Hii haifiki mahali."

Mwalimu Gathoni akatoa simu, akaifungua sauti ili wote wasikie, akampigia mwenye lori. Bwana yule alikuwa na sauti nzuri, ya mtu anayesoma matangazo ya mazishi redioni.

"Mwalimu! Habari za mtaa?"

"Njema. Nauliza tu, taka zetu zinaenda wapi siku hizi?"

"Jaa kubwa, mwalimu. Kila siku. Mimi si mtu wa njia za mkato."

"Na sasa hivi lori liko wapi?"

"Sasa hivi? Linaingia jaani. Nimeongea na dereva dakika hii."

Dereva alitikisa kichwa kwa huzuni. Mama Robai, aliyewekewa kiti kizuri mbele kabisa, hakuvumilia tena. Akapiga kigelegele kirefu, na kina mama wote wakamfuata.

"Mwalimu, ni nini hiyo?" ikauliza simu. "Uko kwa harusi?"

"Niko jaani," akasema Mwalimu Gathoni. "Na chifu yuko hapa, na afisa wa kaunti. Wanakusalimia."

Msije mkadhani mambo yaliisha kama kwenye sinema. Aliamriwa kuuzibua mtaro. Alileta watu, wakazibua nusu, halafu akasema tingatinga limeharibika, na nafikiri limeharibika mpaka leo. Nusu iliyobaki tuliichimba wenyewe na vijana wa Raila na wa Soweto West, kijiji jirani, na Mwalimu Gathoni akaleta chai. Mtaa wake ulimwacha yule bwana ukatupa sisi kazi, tukawafundisha kutenganisha: maganda huku, chupa kule. Walichukua muda mrefu kuelewa kuliko chekechea. Maganda huenda kwa wafuga nguruwe. Kinachobaki hupelekwa jaa kubwa na lori lingine, na mmoja wetu hupanda kila safari mpaka aone limemwaga. Na kando ya hilo jaa pia kuna watu wanaishi, wana watoto, wanapika. Hiyo kazi hatukuimaliza. Ndiyo nimewaachia.

Dereva yule alikosa kazi kwa kusema kweli. Mama Atieno alimpa mkokoteni. Mteremko wa Gatina ulimfundisha adabu kama ulivyonifundisha mimi.

Yakabaki ya nyumbani. Wazee wa kwetu waliketi Kibera wakasema mtu aliyembeba mama mkwe wake mgongoni, tena akiwa na karai lake kichwani, hawezi kuachwa hivi hivi. Yalikuwa makubwa kuliko mila ilivyotarajia. Walibishana sana. Mwisho wakaamua nipeleke leso na kuku, naye anipe kuku, tule nyumba moja, na kuanzia hapo tuwe watu wa kusemezana.

Nilienda moja kwa moja kutoka kazini, maana siku hiyo ilikuwa zamu yangu jaani na lori lilichelewa. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi mpya hadi pale maji yalipofika. Jentrix alikuwepo, na Mama Atieno, na wazee wawili. Kuku nilimpa Jentrix, leso nikaiweka mezani. Mama Robai aliichukua, akaikunjua, akaikunja. Kisha akainua macho akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilikuwa sijui ana macho ya Jentrix.

"Wafula," akasema.

Mzee mmoja alishusha kikombe.

"Naam, mama."

"Unanuka."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akanyoosha fimbo kuelekea mlangoni.

"Kuna maji moto kwa beseni hapo nje, na sabuni nimeweka. Oga, halafu uje ukae hapa karibu na mimi, ule."